Gari zito au gari nzito?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni utingo wa lori la mizigo, njia yetu Dar es Salaam hadi Tunduma. Juzi tulizuiwa kwenye mizani, ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu, imezidisha uzito. Dereva akaniambia niandike maelezo, maana mwandiko wangu ndio unaosomeka. Nikaandika "gari ni nzito nyuma". Mkubwa wa pale akapiga mstari mwekundu, akaandika "zito", akanirudishia karatasi kama mtoto wa darasa la tatu. Mbona njia nzima wanasema gari nzito?
Utingo, Tunduma

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mstari mwekundu. Mimi niliwapigia wenzako miaka 31, sijui kama kuna aliyenisamehe.

Mkubwa huyo alikuwa sahihi, ingawa analipwa kupima ekseli, si ngeli. Mzizi ni -zito, nao hufuata jina: mzigo mzito, kitanda kizito, nguo nzito. Jina ambalo wingi wake ni wa ma- halidai kitu mbele ya mzizi huu: jiwe zito, sanduku zito, gari zito, wingi, magari mazito. Barabarani watu wameihamishia gari kwenye ngeli ya nguo na nyumba. Wengine wamekwenda nayo hadi kwenye wingi, utasikia "gari zimepanga foleni". Siwagombezi. Ila kwenye karatasi ya ofisi andika zito.

Ukisahau, kumbuka tui. Mama yangu kule Pangani hakujua ngeli ni nini, lakini sikumsikia hata siku moja akisema "tui nzito". Nazi ikishakunwa, mkamuo wa kwanza kwenye kifumbu ndio tui zito. Machicha unayarudishia maji, unakamua tena, unapata tui jepesi. Jepesi ndilo linalopikia samaki. Zito linaingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mkono usiache kukoroga lisije likakatika. Nilichapwa mwiko kwa kuliacha likatike, na ilikuwa siku ya wageni.

Sasa liache tui kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta lile zito limepanda juu, maji yamebaki chini. Kwa mizani yenu ya huko barabarani, tui zito ndilo jepesi! Basi neno hili halihesabu kilo tu. Uji mzito, moshi mzito, giza zito: hapo hakuna cha kubeba, kuna kitu kilichoshikana hata hakipenyeki. Usingizi mzito wewe unaujua kuliko mimi, unayelala juu ya turubai.

Kwa watu, angalia ulimi wako. Masikio mazito ni ya asiyesikia vizuri. Ulimi mzito ndio ule Musa aliomlalamikia Mungu, usiotoa maneno kwa wepesi. Mtu mzito mjini ni mwenye cheo na fedha, lakini ukimwita mwanafunzi mzito umesema haelewi haraka. Na mkeo akishika mimba usiende kwa wakwe kusema "mke wangu ni mzito", watakuuliza umempimia wapi. Sema mja mzito. Mja ni kiumbe, binadamu wa Mungu. Wingi hubadilika pande zote mbili, waja wazito, hata wanaoliandika kwa kuliunganisha huandika wajawazito.

Nirudi kwenye maelezo yako, maana hata neno "zito" lisingekusaidia sana. Lori lenye ekseli 7 linaruhusiwa jumla ya tani 56. Kama jumla yenu haikuvuka hapo, gari halikuwa zito kupita kiasi. Mzigo ulipangwa vibaya. Siku nyingine andika "shehena imeelemea ekseli ya nyuma", halafu mpande juu na dereva mkaisogeze mbele.