Risasi zililingana, mshtakiwa akaachiwa: kesi ya Lord Erroll, Nairobi 1941

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Mombasa. Kwenye mahakama ya mazoezi chuoni tumepewa kesi ya mauaji ya Lord Erroll ya mwaka 1941, nami nimepangwa upande wa mashtaka. Nimesoma kwamba wataalamu wa serikali walieleza kuwa risasi zilizotumika kwenye mauaji na zile zilizookotwa mahali mshtakiwa alipokuwa akipiga shabaha zilitoka kwenye bastola moja. Kama ni hivyo, kwa nini Sir Jock Delves Broughton aliachiwa huru? Na kwa sayansi ya leo, je, angepatikana na hatia?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na lile ambalo wanafunzi wengi hawalioni mpaka wamesoma kesi hii mara mbili: Broughton aliokolewa na ulinganifu huohuo. Kadiri serikali ilivyosisitiza kwamba risasi za pande zote mbili ni za bastola moja, ndivyo ilivyozidi kumtoa mshtakiwa wake hatiani. Ukilielewa hili, utakuwa umeielewa kesi nzima.

Kwanza matukio, kwa ufupi. Usiku wa kuamkia Januari 24, 1941, kama saa tisa, Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa kwa lori kuelekea Nairobi walilikuta gari aina ya Buick limeacha barabara na kutumbukia kwenye shimo la murram karibu na njia panda ya Karen na Ngong. Taa zilikuwa zinawaka. Ndani, chini kwenye sakafu ya gari, alikuwamo maiti Josslyn Hay, Earl wa Erroll, umri miaka 39, mjumbe wa baraza la kutunga sheria na ofisa wa jeshi wakati ule wa vita. Majina ya wale wawili hutajwa mara chache sana katika masimulizi ya kesi hii, na hilo linanikera, kwa sababu bila wao tusingeijua saa.

Polisi waliofika walidhani ni ajali. Mwili ukaondolewa, gari likavutwa, watu wakapita wanakotaka, na alama za magurudumu na nyayo zikakanyagwa. Ni baadaye, mwili ukisafishwa, ndipo jeraha la risasi lilipoonekana nyuma ya sikio. Risasi zilizopigwa zilikuwa mbili: moja ilimpata kichwani, nyingine ilikosa. Zote zilikuwa za kipenyo cha .32, yaani karibu milimita 8. Silaha yenyewe haikupatikana, wala haijapatikana hadi leo.

Kwa nini Broughton? Alikuwa na miaka 57. Novemba 1940 alimuoa Diana Caldwell huko Durban, binti mdogo kwake kwa miaka 30 hivi, wakaja Kenya mwezi huohuo. Haukupita muda Diana akapendana na Erroll, na halikuwa jambo la siri. Usiku wenyewe wote watatu walikula pamoja Muthaiga Club, na Broughton akanyanyua glasi kuwatakia wapenzi hao heri. Kisha Erroll akaenda kucheza dansi na Diana, akamrudisha nyumbani kwa Broughton huko Karen kama saa nane na nusu usiku, akaondoka peke yake. Nusu saa baadaye alikuwa ameshakutwa amekufa, kama kilomita 4 kutoka nyumba ile.

Broughton alikamatwa Machi 10, kesi ikaanza Mei 26 mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan. Mwanasheria Mkuu Walter Harragin aliongoza mashtaka. Utetezi ulimleta Harry Morris kutoka Johannesburg, wakili mwenye sifa ya kuwasomea wataalamu taaluma yao kabla hawajapanda kizimbani.

Sasa tuje kwenye mtutu. Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda moja kwa moja. Risasi ikipita humo inabanwa na kuchorwa, na alama zake ni za aina mbili ambazo hupaswi kuzichanganya hata siku moja. Aina ya kwanza ni zile anazozikusudia mtengenezaji: idadi ya mifereji, upana wake, na upande inaozungukia. Bastola zote za aina moja huwa nazo. Aina ya pili ni mikwaruzo midogo isiyokusudiwa na mtu, inayotokana na ukali wa chombo kilichochonga mtutu, kutu na matumizi. Hiyo ndiyo inayodaiwa kuitambulisha bastola moja kati ya wenzake. Hadubini ya kulinganisha, inayomwonyesha mtaalamu risasi mbili kwa wakati mmoja, ilikuwa imeanza kutumika Marekani miaka ya 1920. Uingereza, mauaji ya konstebo Gutteridge mwaka 1927 yaliifanya elimu hii kuwa maarufu mahakamani. Kwa hiyo mwaka 1941 haikuwa uchawi Nairobi, ingawa wenye uzoefu nayo walikuwa wachache.

Ushahidi wa serikali ulipangwa hivi. Broughton aliwahi kupiga shabaha kwenye shamba la rafiki yake karibu na Nanyuki. Polisi wakaenda huko, wakachimbua risasi, wakazilinganisha na zile za Ngong, yaani za mauaji. Wataalamu wa serikali wakasema zimetoka kwenye bastola moja. Zaidi ya hapo, kulikuwa na dalili za baruti nyeusi ya kizamani, ambayo kufikia wakati ule haikuwa ya kawaida. Ukisikia hadi hapo, unamuona mtu anakwenda kunyongwa.

Lakini rejista ya silaha ilionyesha kwamba Broughton alimiliki rivolva mbili za Colt. Ndizo alizoripoti kuibiwa siku chache kabla ya mauaji, na upande wa mashtaka ulijenga hoja kwamba wizi ule ulikuwa wa kubuni, njia ya kuiondoa silaha machoni pa watu kabla ya kuitumia. Mtutu wa Colt una mifereji sita inayozungukia kushoto. Risasi za Ngong zilikuwa na alama za mifereji mitano inayozungukia kulia.

Morris hakubishana na mtaalamu. Hakumuuliza kuhusu mikwaruzo, mahali ambapo mtaalamu angeweza kumfundisha. Alimuuliza kuhusu zile alama za kiwandani ambazo hata mtoto anaweza kuzihesabu, na mtaalamu akakiri kwamba risasi zilizotumika kwenye mauaji hazikutoka kwenye Colt. Basi. Kuanzia pale hesabu ikawa hivi: kama risasi za Nanyuki na za Ngong ni za bastola moja, na za Ngong si za Colt, basi na za Nanyuki si za Colt. Rivolva mbili pekee ambazo serikali iliweza kuthibitisha kuwa za Broughton zimetoka kwenye kesi, na hadithi ya wizi wa kubuni imetoka nazo, kwa kuwa mtu hatunguliwi risasi na bastola isiyohusika.

Serikali ikabaki na njia moja tu, nayo ni kuthibitisha kwamba Broughton alikuwa na bastola ya tatu. Hakuna shahidi aliyeithibitisha kwa namna ya kuridhisha. Na kule Nanyuki si yeye peke yake aliyepiga shabaha, kwa hiyo risasi iliyookotwa ardhini haikuwa na jina la mtu. Anayekuonyesha nyayo mbili za kiatu kimoja amethibitisha kwamba kiatu ni kimoja. Bado hajasema kilivaliwa na nani. Ushahidi wa silaha una viungo vitatu: risasi kwa risasi, risasi kwa bastola, bastola kwa mkono. Harragin alikuwa na cha kwanza pekee, akakitetea kana kwamba ndicho vyote vitatu.

Najua utasema: na ushahidi mwingine je? Wivu ulikuwepo, na asubuhi baada ya mauaji Broughton aliagiza mafuta ya petroli kuwashia moto shimo la taka, na polisi wakakuta mabaki ya viatu vya michezo humo. Ni mambo ya kutia shaka kweli. Lakini June Carberry, aliyelala nyumba ileile, alieleza kwamba Broughton aligonga mlango wake kumjulia hali mara mbili, kama saa nane na tena kama saa tisa na nusu. Kati ya hapo ilibidi mzee anayechechemea atoke bila kuonekana, aingie au alifikie gari la Erroll, aue, arudi gizani kwa miguu kilomita zile, asiache tone la damu ndani ya nyumba. Haikuwa muhali. Ila kuthibitisha ni kazi ya serikali, na House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati ule, ilikuwa imelisema hilo bila kuzunguka mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington: mshtakiwa hana wajibu wa kuonyesha kwamba hana hatia. Kwenye hoja zako taja pia Rex dhidi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ilitolewa miaka minane baada ya kesi hii, lakini ndiyo kipimo kinachotumika kwetu kwa ushahidi wa kimazingira: mambo yote yanayomwelemea mshtakiwa lazima yasiweze kupatana na kutokuwa kwake na hatia, wala kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya busara. Wivu unaelezeka kwa namna kumi. Waume wenye wivu ni wengi, wauaji ni wachache.

Julai 1, 1941 waamuzi raia (jury) walirudi na jibu la kutokuwa na hatia. Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita haraka. Waamuzi wale wote walikuwa Wazungu. Koloni la Kenya liliwapa Wazungu haki ya kuhukumiwa na baraza la waamuzi raia ambalo neno lake lilimfunga jaji. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji katika mahakama za koloni lilelile alipewa wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji angeweza kuyasikiliza kisha akayaweka kando. Uamuzi wa kesi ya Broughton naamini ulikuwa sahihi kisheria. Kinachouma ni kwamba umakini ule, wiki tano za kusikiliza, wakili wa gharama kutoka nchi nyingine, wataalamu kuhojiwa mfereji kwa mfereji, haukuwa haki ya kila aliyepanda kizimba kile. Ukiwa unaijenga hoja yako, usizungumzie mfumo wa mahakama ya 1941 kana kwamba ulikuwa mmoja kwa wote.

Swali lako la pili: sayansi ya leo. Tofauti ya mifereji mitano na sita haitabadilishwa na mashine yoyote, kwa hiyo Colt ingebaki nje. Picha za kisasa za pande tatu zingeweza kupima upya kama risasi za Nanyuki na Ngong zililingana kweli, lakini bila bastola yenyewe ungeishia palepale kwenye kiungo cha kwanza. Na usidhani elimu hii imezidi kuaminiwa tu kadiri miaka inavyokwenda. Ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2009, na nyingine ya washauri wa sayansi wa rais wa nchi hiyo mwaka 2016, zote zilionya kwamba msingi wa kisayansi wa kusema "risasi hii ni ya bastola hii na si nyingine" haujathibitishwa vya kutosha. Mtaalamu wa leo mwenye uangalifu angetumia maneno mapole kuliko yale ya Nairobi.

Kuhusu kumshtaki tena, haikuwezekana kwa kosa lilelile, na leo kinga hiyo iko kwenye Katiba ya Kenya ibara ya 50(2)(o). Hata hivyo suala halikudumu: Broughton alikufa Desemba 1942 katika hoteli moja Liverpool, kwa kujizidishia mofini. Wapo wanaokichukulia kifo hicho kama kukiri. Si ushahidi, usikitumie. Vivyo hivyo nadharia za majasusi wa Uingereza na za wapenzi wa zamani wa Erroll: zimeandikwa sana, hakuna iliyopimwa kwa maswali ya wakili mahakamani.

Sasa, kwa kuwa uko upande wa mashtaka. Ningekuwa mahali pa Harragin nisingezipeleka mahakamani risasi za Nanyuki kabla ya kumkalisha mtaalamu wangu ofisini na kumuuliza swali la Morris mimi mwenyewe: hizi ni za aina gani ya bastola, na mshtakiwa aliwahi kuwa nayo? Jibu likishakuwa hapana kwenye Colt, una mambo mawili. Ama utafute mtu aliyeiona bastola nyingine mikononi mwa Broughton, umhoji hadi ukinai. Ama ujenge kesi juu ya saa, njia ya kwenda na kurudi, na ule moto wa asubuhi, ukijua kwamba ni kesi nyembamba. Usijaribu kushikilia Colt na ulinganifu kwa pamoja, maana mwenzako wa utetezi atakuwa ameshaisoma idadi ya mifereji. Na kama majaji wa mazoezi watakuuliza kwa nini serikali ilimshtaki mtu huyu kwa ushahidi huu, jibu kwa ukweli: kabla ya kupata bastola ya tatu, faili lile halikuwa tayari kwenda mahakamani.