Kwa mnaoanza utafiti wa usingizi kwa watoto wachanga: angalieni mnachokipima

Wenzangu mnaoanza mafunzo ya ubingwa wa usingizi, yaani wa dawa za kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, na hasa ninyi mliochagua kuandika tasnifu kuhusu watoto wachanga, ninawaandikia juu ya jambo moja ambalo mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa. Utafiti wangu wa kwanza ulihusu mafunzo ya kuweka mpira wa kupumulia. Niliwapima wanafunzi kwenye mdoli wa kufanyia mazoezi kabla ya mafunzo na baada yake, alama zikapanda, nami nikaandika kwamba mafunzo yamefaulu. Mwalimu aliyenisimamia aliisoma rasimu yote kimya, kisha akaniuliza ni mtoto gani aliyenufaika. Sikuwa na jibu, kwa sababu katika takwimu zangu hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Kazi iliyonifungua macho baada ya hapo ni ile ya Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya programu ya Helping Babies Breathe, inayofundisha namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Miezi kadhaa baadaye walipimwa tena kwenye mdoli na wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walikuwa na waangalizi ndani ya chumba cha kujifungulia, wakiandika kila kilichotendwa kwa kila mtoto, na huko walikuta kwamba huduma yenyewe haikuwa imebadilika kwa kiasi cha maana. Laiti wangepima mdoli peke yake, wangetangaza ushindi kama nilivyotangaza mimi. Kwa kuwa waliliona pengo, walibadili njia: badala ya semina moja ndefu, wakaweka mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, palepale wodini, pamoja na marudio ya kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kuwa vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo usomwe kwa tahadhari inayostahili ulinganisho wa namna hiyo. Hata hivyo, waliohesabiwa safari hii ni watoto.

Katika njia ya hewa, suala la kipimo ni gumu zaidi. Kichanga hutumia takriban mililita 6 hadi 8 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, karibu maradufu ya mtu mzima, ilhali akiba iliyomo mapafuni mwake ni ndogo; akiacha kupumua, kiwango cha oksijeni huporomoka huku wewe ukiwa bado unazitafuta nyuzi za sauti. Ndiyo maana tafiti nyingi hupima kufaulu kuweka mpira wa kupumulia kwa jaribio la kwanza. Katika utafiti wa Dublin uliochapishwa mwaka 2024, waliotumia laringoskopu (kifaa cha kuangalia kooni wakati wa kuweka mpira) ya video walifaulu kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 74 ya watoto, na waliotumia ya kawaida kwa asilimia 45. Tofauti hiyo ni kubwa na ina uzito, nami ningependa kila chumba cha upasuaji wa watoto kiwe na kifaa hicho pamoja na bleda (sehemu bapa inayoingia mdomoni) ndogo zinazowatosha vichanga. Lakini unapoandaa utafiti wako, andika mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza, jaribio linaanzia wapi na linaishia wapi. Niliporudi kwenye fomu nilizojaza mwenyewe usiku wa zamu, niligundua kwamba mara kadhaa nilikuwa nimeandika jaribio moja ilhali bleda ilitoka mdomoni na kuingia tena. Sikukusudia kudanganya mtu, fomu haikuniuliza. Kwa hiyo andika pia kiwango cha chini kabisa cha oksijeni kilichoonekana kwenye monita, na uzoefu wa aliyeshika kifaa.

Kuhusu ubongo, jihadharini na namba moja inayong'aa kwenye kioo. Kipimo cha BIS, kinachokadiria kina cha usingizi kutokana na mawimbi ya ubongo, huanzia 0 hadi 100, na kwa mtu mzima aliyelazwa kwa dawa tunalenga 40 hadi 60. Lakini hesabu zinazozaa namba hiyo zilijengwa juu ya mawimbi ya ubongo wa watu wazima. Kwa mtoto aliye chini ya takriban miezi 4, mawimbi ya alfa tunayoyatarajia chini ya sevoflureni, dawa ya usingizi inayovutwa kwa pumzi, hayajajitokeza, hivyo namba inaweza kusomeka vizuri bila kuwa na maana tunayoizoea. Jifunzeni kusoma mawimbi yenyewe, hata kama itawachukua miezi.

Mfano wa subira katika eneo hili ni utafiti wa GAS: watoto 722 wa upasuaji wa henia, katika hospitali 28 za nchi 7, baadhi wakipewa sevoflureni na wengine ganzi wakiwa macho. Swali lilikuwa kama dawa ya usingizi hudhuru akili, na watafiti walisubiri hadi watoto walipofika miaka 5 ndipo wakapima akili zao. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Mzazi akikuuliza, mjibu kwa moyo mkunjufu, lakini usivuke mpaka wa kilichopimwa: usingizi ule ulikuwa mmoja, na kwa kawaida haukufika saa moja. Mtoto anayerudi chumba cha upasuaji mara ya tatu, au anayelala saa tano mezani, hakuwamo kati ya wale 722, na mama yake anastahili kuambiwa hivyo.