Nimeshafuta ujumbe. Je, inatosha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wangu. Juni 2024, tulipokuwa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya, vijana tulikuwa na mtindo wa "kuwasalimia" wabunge: nambari zao zinasambazwa, wanamiminiwa ujumbe hadi wazime simu. Kwenye grupu letu la WhatsApp ikaletwa picha ya mwenye duka mmoja wa mtaani, ikasemwa ndiye anayewalipa wahuni watupige. Nikaongeza nambari yake na mahali lilipo duka. Usiku ule alivunjiwa vioo na mwanawe akapigwa. Kumbe ni majina tu yaliyofanana. Nimefuta na kuleta istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha. Inatosha? Na ile hasira yetu ilikuwa dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Kuhusu hasira sina maneno mengi. Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe kwa maneno, ila kwa aliyedhulumiwa (Qur'ani, An-Nisaa 148). Ila aliyedhulumiwa humtaja aliyemdhulumu. Huyu muuza duka alikudhulumu nini?

Tatizo ni kile kidole chako. Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliposingiziwa uzinzi katika kisa kiitwacho Ifk (uzushi), hawakukemewa waliotunga uongo peke yao. Waliousambaza waliambiwa kwamba waliupokea kwa ndimi zao, wakasema wasiyoyajua wakidhani ni jambo dogo, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa (An-Nur 15). Habari hupokewa kwa masikio, lakini hawa waliipokea kwa ulimi. Haikukaa popote kati ya kusikia na kusema. Kila nikiisoma aya hii naiona simu, na yangu imo, maana kabla ya Alfajiri huwa nimeshatumiwa mengi ya namna hiyo. Tena mmoja wao alikuwa Mistah, sahaba aliyepigana pamoja na Mtume katika vita vya Badr. Basi usitegemee kwamba kuandamana kwa nia njema kumekufutia hili.

Kufuta na istighfari ni baina yako na Mola wako. Haki ya mja hairudi hivyo. Al-Baqara 160 inawataja waliotubu, wakatengeneza na wakabainisha. Imeshuka kwa walioificha haki, lakini funzo lake linakuhusu: ulichoharibu hadharani kibainishe hadharani. Rudi kwenye grupu lile lile, andika: "Nilimsingizia fulani, si yeye," na uwaombe waisambaze kama walivyosambaza ile ya kwanza. Usiandike "kama nimemkwaza mtu". Umemkwaza.

Kuhusu vioo, kwa kanuni ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, mtendaji akikutana na msababishaji, dhamana huanza kwa mtendaji. Waliovunja ndio wa kulipa. Hata hivyo wewe ndiwe uliyewaonyesha mlango, na mimi ningekushauri uchangie, hata kioo kimoja.

Kisha nenda dukani. Ukiogopa, mtangulize imamu wa msikiti wenu, lakini usiende na vijana wenzako, kundi wameshaliona. Na yule kijana muombe radhi yeye mwenyewe, kwani kipigo alipigwa yeye, na babake hawezi kukusamehe kwa niaba yake.

Wallahu aalam.