Naamini ni uhai, na bado sitaki polisi wodini

Umeuliza hivi: mtu anayeamini kwamba kilichomo tumboni ni uhai, anapataje ujasiri wa kuipinga sheria inayomfunga anayetoa mimba? Ukamalizia kwa kunitaka nichague upande, kwa kuwa katikati hapana pa kusimama. Nimelisoma swali lako mara tatu, na ni swali la haki. Nitalijibu kwa urefu kidogo kwa sababu jibu langu sikulipata vitabuni. Mimi ni mkunga, huu ni mwaka wa 22 kazini, na miaka tisa kati ya hiyo nimeifanya kwenye wodi ya wanawake ambao mimba zao zimeharibika au zimeharibiwa. Sheria inayatenganisha sana hayo maneno mawili. Ukiwa umesimama pembeni ya kitanda huwezi kuyatenganisha, maana damu ni ileile na homa ni ileile.

Nianze na binti mmoja. Aliletwa usiku na shangazi yake, miaka 19, joto nyuzi 39.6, mapigo ya moyo 130 kwa dakika, presha inashuka, tumbo gumu kama ubao. Nilipomfunua shuka nikaijua ile harufu. Mkunga akishainusa mara moja haisahau. Nikamwinamia nikamuuliza taratibu, "Mwanangu, umetumia nini?" Akasema, "Sista, nilianguka kwenye ngazi." Nikamuuliza tena baada ya kumwekea dripu, tena baada ya kumchoma sindano ya kwanza ya antibayotiki. Ngazi. Kila nilipouliza macho yake yalikwenda mlangoni, na nilichukua muda kutambua anachokitazama. Alikuwa anamtazama mlinzi wa getini, mzee mpole kabisa, aliyepita kuwaambia ndugu wa wagonjwa muda umekwisha. Alikuwa amevaa sare. Kwake yeye sare ni sare.

Sasa elewa kwa nini nilihitaji kujua. Aliyemeza vidonge na aliyeingiziwa kijiti hawatibiwi njia moja. Wa vidonge mara nyingi mabaki husafishwa, akapewa dawa, akapona. Wa kijiti huenda kizazi kimetoboka na uchafu umemwagika tumboni, na huyo anatakiwa afunguliwe chumba cha upasuaji, na kila saa ina hesabu yake. Sisi tulizipoteza saa nne. Shangazi ndiye aliyekuja kuniita kwenye korido, akalia, akasema ni kijiti, na ni siku ya tatu. Daktari alipofungua tumbo, kizazi hakikuwa cha kuokolewa tena, kikatolewa. Binti akaishi. Hatazaa.

Hakuna aliyemshtaki. Hakuna polisi aliyefika, hakuna hakimu aliyelisikia jina lake. Ukiitafuta kesi yake mahakamani huioni, na mtu anaweza kukuambia kwamba sheria haikumfanya lolote. Lakini sheria ndiyo iliyomfunga mdomo kwa siku tatu na saa nne.

Sasa nirudi kwenye imani yangu, usije ukadhani naikimbia. Sikubaliani na wanaosema kwamba ni damu tu. Nimeshika kiganjani kilichotoka kwenye wiki ya 16, mimba iliyoharibika yenyewe, mama yake akiwa ameuma kona ya kanga ili asipige kelele. Vidole vimekamilika. Mtu akiniambia pale hapakuwa na chochote, namwambia hajashika. Lini hasa uhai huo unapata uzito sawa na wa mtu aliyezaliwa, hilo hata waumini hawajawahi kulijibu kwa sauti moja. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanazungumzia siku 120, pale roho inapopulizwa, na ndani ya madhehebu yenyewe wapo wanaokataza mapema zaidi ya hapo. Kanisa Katoliki limeiona mimba kutolewa kuwa dhambi tangu zamani, lakini kwa karne nyingi sheria yake ilitofautisha adhabu ya mimba changa na ile iliyokwisha kutiwa roho, mpaka Papa Pius IX alipoiondoa tofauti hiyo mwaka 1869. Mimi nina jibu langu, nalo linanielemea kila zamu. Siwezi kukutaka ulibebe.

Ninachokukatalia ni hatua yako ya pili. Umesema: ni kosa, kwa hiyo serikali ilazimishe. Hiyo "kwa hiyo" umeipita haraka mno.

Mwaka 1978 huko Pennsylvania, Marekani, mgonjwa aitwaye Robert McFall alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na aliyefaa kumchangia uboho alikuwa binamu yake. Binamu akakubali kupimwa, halafu akakataa kuendelea. McFall akaenda mahakamani kuomba alazimishwe. Jaji alisema wazi kwamba kukataa kule hakuteteeki kimaadili. Kisha akakataa kumlazimisha, kwa maelezo kwamba jamii inayoruhusu mwili wa mtu uingiliwe kwa nguvu ili kumwokoa mwingine imebomoa msingi wake yenyewe. McFall alifariki majuma machache baadaye. Nimeifikiria kesi hiyo miaka mingi. Najua utakachosema, kwa sababu nami nilikisema: binamu alikataa kusaidia, ila anayetoa mimba anatenda; na mtoto aliyemo tumboni si binamu. Ni kweli, kesi haifanani pande zote, na mtu anayekuambia inafanana pande zote anakudanganya. Ila inaonyesha jambo moja ninalolihitaji: jaji mwenye akili timamu anaweza kusema "umekosa" na "sitakulazimisha" katika hukumu moja, bila kujipinga.

Na kama unadhani huo ni ujanja wa jaji mmoja, tazama Ujerumani. Mahakama ya Katiba ya huko iliamua mwaka 1975, na ikarudia mwaka 1993, kwamba dola ina wajibu wa kuulinda uhai ambao haujazaliwa. Lakini mwaka 1993 ikakubali kwamba ulinzi huo unaweza kupita kwenye ushauri badala ya jela. Tangu sheria ya 1995, mwanamke aliyeketi na mshauri anayetambuliwa, akasubiri siku tatu, na mimba yake haijavuka wiki 12 tangu kutungwa, haadhibiwi, wala daktari wake. Na bado kitendo chenyewe kimeandikwa kuwa ni kinyume cha sheria. Wapo wanaoichukia sheria hiyo pande zote mbili, wengine wakiona inawadhalilisha wanawake, wengine wakiona inawauza watoto. Mimi naiona kama watu waliokaa na swali lako hasa, wakakataa kulifupisha.

Utasema basi tuache katazo, tuweke kifungu cha "isipokuwa kuokoa maisha ya mama." Hapa ndipo naomba unisikilize sana, kwa sababu kifungu hicho kinasomeka vizuri mchana na kinasomwa na mkunga saa tisa usiku. Kuokoa maisha, kuanzia nyuzi ngapi? Chupa ya maji imepasuka wiki ya 17, mtoto hawezi kuishi nje, moyo wake bado unadunda, na mama ana 37.8. Je, hapo maisha yako hatarini? Na 38.5? Nimewahi kusimama na faili mkononi nikisubiri sahihi ya daktari wa pili aliyekuwa hapokei simu, huku namba kwenye chati zinapanda mbele ya macho yangu. Aliyetuzuia hakuwa katili. Alikuwa kijana mwenye watoto wawili aliyeogopa kunyang'anywa leseni. Mama yule aliponea chupuchupu, na mimi nikakaa chooni nikatetemeka hadi zamu ikaisha.

Ayalandi hawakuwa na bahati hiyo. Katiba yao tangu 1983 iliupa uhai wa mtoto tumboni haki sawa na wa mama. Oktoba 2012 Savita Halappanavar, miaka 31, mimba ya wiki 17 ikitoka, aliomba isaidiwe kutoka, akakataliwa kwa kuwa mapigo ya mtoto yalikuwa bado yanasikika. Maambukizi yakaingia kwenye damu, akafa. Mtoto naye hakuishi. Mei 2018 wananchi walikiondoa kifungu kile kwa asilimia 66.4 ya kura, nchi ambayo wazee wake wengi bado wanakwenda misa. Sidhani kama watu wote hao waliamka asubuhi moja wameacha kuamini kwamba ni uhai.

Na yupo daktari mmoja ambaye namrudia kila ninapoambiwa nichague upande. London, 1938: binti wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Aleck Bourne akamtoa mimba hospitalini, bila kificho, akajulisha wenye mamlaka wamshtaki. Aliachiwa huru, na jaji akaeleza kwamba kuokoa maisha ya mtu si kumzuia asikate roho tu, ni pamoja na kumzuia asibaki gofu la mwili au la akili. Maneno yale yakasafiri mpaka kwenye mahakama nyingi za makoloni ya Uingereza. Basi huyohuyo Bourne, katika miaka ya 1960, Uingereza ilipokuwa inaelekea kulegeza sheria yake, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa. Wengine humwita kigeugeu. Mimi naona alimtazama yule binti, kisha akatazama sheria inayokuja, akasema ukweli mara mbili.

Nina neno pia kwa walio upande wa pili, wanaotetea haki ya mwanamke kuchagua, maana wananipigia makofi mapema. Nimemwona mwanamke aliyeletwa na mumewe ameshikwa mkono juu ya kiwiko, mume akijibu kila swali kwa niaba yake, mpaka nilipomtoa nje kwa kisingizio cha kupima. Tulipobaki wawili akaninong'oneza, "Mama, mimi namtaka." Haki yake ilikuwa ipi hapo? Haki ya kuachwa. Nimemwona na mwingine ambaye picha ilionyesha mtoto wake ameumbwa bila sehemu kubwa ya fuvu na ubongo. Kila mtu, wakiwemo wenzangu, akamwambia asijitese, aitoe. Akakataa. Akamzaa, akamvalisha kofia ndogo ya njano aliyoifuma mwenyewe, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akamkumbatia dakika 40 mpaka mtoto akaenda. Sijawahi kuona mtoto aliyependwa zaidi. Kama neno "uchaguzi" halina nafasi ya kofia ile, mimi silitaki.

Ndiyo maana kwangu Rumania na China ziko kwenye ukurasa mmoja. Rumania ya dikteta Ceaușescu, kwa amri namba 770 ya 1966, ilikataza karibu kila utoaji mimba ili taifa lipate watu. Katika miaka ya 1980 wanawake walipimwa viwandani walikofanya kazi kuona nani ana mimba. Zaidi ya wanawake 9,000 walikufa kwa mimba zilizotolewa vichochoroni kabla amri haijafutwa Desemba 1989, na mwaka uliofuata vifo vya uzazi vikashuka kwa karibu nusu. China nayo, kuanzia mwaka 1980 hivi hadi 2015, iliweka kikomo cha mtoto mmoja kwa familia nyingi, na wako waliopelekwa kutolewa mimba walizokuwa wanazitaka. Mmoja alilazimishwa azae, mwingine alilazimishwa asizae. Aliyeingia chumbani bila kubisha hodi ni yuleyule.

Sikuambii sheria ikilegezwa mimba hazitatolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hutolewa karibu milioni 73 kila mwaka, na takriban asilimia 45 ya hizo kwa njia zisizo salama. Zinatolewa penye katazo na pasipo na katazo, na tofauti ninayoiona mimi ni nani analetwa kwangu siku ya tatu. Mwenye fedha hupanda ndege, kama maelfu ya wanawake wa Ayalandi walivyokuwa wakivuka kwenda Uingereza. Asiye nazo hutafuta kijiti.

Ukitaka mimba chache zitolewe, mimi na wewe tuna kazi ya kufanya pamoja kesho asubuhi: vidhibiti mimba vinavyopatikana bila kutukanwa dirishani, msichana asifukuzwe shule kwa tumbo, mwajiri asimwachishe kazi mjamzito, na anayetaka kuzaa apate wa kumshika mkono baada ya kuzaa. Hayo sijayasikia kwenye swali lako. Nimesikia jela. Basi niambie miaka mingapi. Niambie na yule wa miaka 19, ambaye tumbo lake limeshonwa na hatazaa, yeye umpe mingapi, na shangazi aliyeniambia ukweli umpe mingapi, kwa sababu kwa sheria unayoitaka naye alisaidia.

Baada ya usiku ule nilibadilisha jinsi ninavyowapokea. Navuta pazia pande zote, naweka kalamu chini aione imelala, ndipo naongea. Namwambia, "Mwanangu, sitakuuliza kwa nini, na sitakuuliza nani. Nitakuuliza nini, na saa ngapi." Kisha nasubiri. Wengine hukaa kimya kwanza, wakalitazama pazia. Wengi hunijibu.