Folda ya Familia Inayokataa Kuandikwa

SWALI: Nimeweka seva ya Linux yenye Samba (programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao) nyumbani kwetu Majengo, Mombasa. Mke wangu huziona picha za harusi ya binti yetu, lakini akitaka kuongeza nyingine hukataliwa, ilhali Samba nimeiruhusu kuandika.

JIBU: Ndugu msomaji, ruhusa hukaguliwa na Samba, kisha na Linux yenyewe, na zikitofautiana, iliyo kali ndiyo hushinda. Unda kundi, tuseme «familia», ujiingize wewe na mkeo, ulikabidhi folda hiyo, kisha uipe folda ruhusa 2770, yaani mmiliki na kundi wafanye yote, wengine wasiingie. Ile 2 ya mwanzo, ambayo wengi huisahau, ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Katika Samba, mafaili mapya yapewe 0660 (mmiliki na kundi wasome na kuandika) ili nyote muweze kuyahariri. Tafadhali usikimbilie 777, maana humfungulia kila mtumiaji wa seva.