Fundi Anajibu: Usipande nguzo kabla hujajua kumshusha mwenzako

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemaliza chuo cha ufundi hapa Dodoma, fani ya umeme wa majumbani. Mkandarasi mmoja anayejenga laini za vijijini ananitaka nianze kazi, ila anasema nguzo nitajifunzia hukohuko kwa kuwatazama wenzangu. Nyumbani wananiambia nisichezee ajira. Wewe unasemaje?
– Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza chuo. Kazi ichukue, lakini nguzo usipande mpaka ufundishwe kwa vitendo, na hilo mwambie mkandarasi mapema.

Umeme uliousomea ni wa volti 230. Huko vijijini utakuta laini za kilovolti 11 na 33. Umeme wa msongo huo haungoji uguse waya. Ukisogea mno unakurukia. Ukiwatazama wenzako utaona mikono yao inafanya nini, lakini hutajua walikagua nini kabla ya kuanza.

Nimesimamia gengi la laini miaka mingi, Bahi mpaka Kongwa, na vijana wapya niliwaanzisha chini. Hakuna kupanda, nyundo tu. Unaizunguka nguzo ukiigonga kuanzia shinani hadi mkono unapofika. Nguzo nzima hutoa mlio mkavu na nyundo inaruka. Iliyooza ndani hutoa sauti nzito ya uvungu na nyundo inatua bila kuruka. Kisha unafukua udongo kidogo na kuichoma kwa bisibisi ndefu, maana uozo hupenda kuanzia chini kidogo ya usawa wa ardhi. Dodoma yetu ina mchwa. Dawa ya nguzo inawazuia, ila ufa ukipita kina cha dawa, wanaingia. Nguzo ya namna hiyo inaweza kuwa imesimama kwa sababu imeshikwa na waya zake tu. Ukizikata, inaanguka na wewe juu yake.

Baada ya nyundo ni kupima na kufunga ethi, yaani waya wa kuunganisha laini na ardhi, na hapa sikuwa na huruma. Kuambiwa kwa simu kwamba umeme umekatwa hakutoshi. Kipimo unakijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, unapima waya zote tatu, halafu unakijaribu tena palepale pa mwanzo, kwa sababu kinaweza kufa katikati. Ethi unaifunga ardhini kwanza, ndipo unapandisha vibanio kwenye waya kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme. Kuitoa ni kinyume chake: waya kwanza, ardhi mwisho.

Utauliza, kwa nini tuhangaike hivi wakati swichi ya laini imefunguliwa, yaani imezimwa? Kwa sababu ya jenereta. Mwenye mashine ya kusaga hapo Kibaigwa akiwasha jenereta yake bila kujitenga na laini, volti zake 400 zinarudi kwenye transfoma na kutokea upande wa pili zikiwa 33,000. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Na kiangazi chetu kinazidisha hatari, kwani udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Usitegemee fimbo iliyopigwa ardhini peke yake. Waya zote tatu lazima ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe, na pia kwenye ethi.

Sasa hili ndilo ninalokusihi kuliko yote. Muulize mkandarasi: mtu akipigwa shoti juu, nani anamshusha, na lini mara ya mwisho mlifanya mazoezi? Ubongo ukikosa hewa, ndani ya dakika nne hivi unaanza kuharibika. Dakika hizo hazitoshi kutafuta ngazi wala kubishana. Gengi langu lilifanya mazoezi kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima, limefungwa juu kwa mkanda. Anayeokoa kwanza anahakikisha laini imekufa, anapanda, anapitisha kamba juu ya mkono wa nguzo, ule unaokingama na kubeba waya, anaifunga kifuani mwa mwenzake chini ya makwapa, anakaza kamba, ndipo anakata mkanda na kumteremsha polepole. Chini kuna mwingine anayejua kubana kifua na kupuliza pumzi. Kila mmoja alifanya, hata dereva.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde, kwa hiyo huombi hisani. Akikubali kukufundisha, nenda. Akikucheka, baki na umeme wa majumbani. Nyumbani wataelewa ukiwaeleza haya.

SWALI: Binti yangu anataka kusomea kazi hii ya laini. Majirani wanasema si kazi ya kike. Ataiweza?
– Mama wa Mpwapwa

JIBU: Ataiweza, mama. Wanawake wanaopanda nguzo wapo, na kupanda ni miguu na mbinu zaidi ya nguvu za mikono. Wewe fuatilia vifaa vyake. Mkanda na glavu viwe saizi yake, asipewe vilivyobaki vya wanaume. Glavu ikipwaya, vidole havishiki boliti sawasawa, na hapo ndipo mtu hushawishika kuivua akiwa juu.