Kidari cha kuku kinatosha kuanzia

Daktari, umeuliza kama matabibu wanafunzi hapa Mtwara wanaweza kufundishwa kuchukua kinyama cha uvimbe wa titi kwa sindano, ili kipimwe, bila kungoja mwanasesere wa mafunzo kutoka ng'ambo. Wanaweza. Nunueni kidari cha kuku, mkichanje kwa ndani, mfiche humo kipande cha karoti iliyochemshwa kiwe uvimbe mgumu, na ncha ya kidole cha glavu iliyojazwa maji iwe uvimbe wa majimaji, kisha mpake jeli na kuweka probu ya ultrasaundi, yaani kifaa cha mkononi cha mashine inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti. Kazi kubwa, ambayo wengi huiharakisha, ni kuipitisha sindano sambamba na urefu wa probu ili ncha yake ionekane kwenye kioo cha mashine wakati wote. Aliyeipoteza ncha asisukume, bali arekebishe mkono kwanza. Sindano ya springi hufyatuka mbele takribani sentimita 2, kwa hiyo mwanafunzi aseme kwa sauti ncha itaishia wapi kabla ya kubonyeza, kwani nyuma ya titi la mgonjwa kuna pafu. Akitoa kipande chenye rangi ya karoti, amepata. Nyama hiyo isirudi jikoni, wala sindano hizo zisirudi wodini.